Prosesa Inapoondoka: Namna ya Kukagua Kiraka cha Hotiplagi Katika Kerneli ya Linux

Viraka vya kerneli vinavyohusu hotiplagi ya prosesa mara nyingi ni vifupi. Mistari kumi imeongezwa, mitatu imefutwa, na juu yake kuna aya mbili zinazoeleza kwamba mashine ilikuwa ikianguka prosesa inapozimwa na sasa haianguki. Ukiisoma mistari hiyo peke yake unaiona sawa, unaweka sahihi yako, unaendelea na kazi nyingine. Hapo ndipo wakaguzi wengi wanaponaswa. Hotiplagi ni kuingiza na kutoa prosesa huku mashine ikiendelea na kazi, na makosa yake hutokana na mambo mawili yanayotendeka kwa wakati mmoja kwenye prosesa mbili tofauti. Moja ya mambo hayo liko ndani ya kiraka. La pili liko faili nyingine kabisa, na hakuna atakayekuonyesha.

Ushauri wangu ni huu: kiraka cha aina hii kisome ukiwa umesimama upande wa prosesa inayoondoka, na katika kila hatua uliza nani anamsubiri nani. Mkaguzi anayelijibu swali hilo kwa ukamilifu ameimaliza sehemu kubwa ya kazi.

Wala usidhani jambo hili ni la wenye seva kubwa peke yao. Laptopu yenye Linux inapoingia kwenye usingizi mzito, ule wa kuiachia RAM tu umeme, kerneli huzima prosesa zote isipokuwa moja, kisha huziwasha tena ikiamka. Mashine pepe huongezewa na kupunguziwa prosesa kulingana na mzigo. Kasoro ya hotiplagi inaweza kumkuta mtu yeyote aliyefunika laptopu yake akaenda kula.

Ijue kwanza safari ya kuondoka

Kuzima prosesa namba 3 ni amri moja ya msimamizi: kuandika 0 kwenye faili `/sys/devices/system/cpu/cpu3/online`. Nyuma ya amri hiyo kuna safari ndefu. Tangu toleo la 4.6 la mwaka 2016, kerneli huipitisha prosesa katika ngazi zenye mpangilio maalumu, na kila sehemu ya mfumo iliyojiandikisha hupewa zamu yake ya kujiandaa prosesa inapoingia na kujifungasha inapotoka. Orodha ya ngazi hizo unaweza kuisoma kwenye mashine yako mwenyewe, katika `/sys/devices/system/cpu/hotplug/states`. Isome kabla hujakagua chochote.

Kwa mkaguzi, ngazi hizo ni makundi matatu. Kundi la kwanza la kushuka hutekelezwa na prosesa yenyewe inayoondoka, ikiwa bado hai na inaweza kulala ikisubiri kitu. Kundi la pili hutekelezwa prosesa zote zikiwa zimesimamishwa kwa muda mfupi na interapti zimezimwa. Hapo hakuna kulala, na hakuna nafasi ya kusema nimeshindwa. Kundi la tatu huja prosesa ikiwa imekwisha kufa: prosesa nyingine ndiyo inayofanya usafi, ikiachilia kumbukumbu na mali nyingine iliyokuwa ya marehemu. Safari yote hufanyika huku kazi inayoiendesha ikiwa imeshika kufuli kuu la hotiplagi kwa upande wa uandishi, `cpus_write_lock`.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kiraka chochote ni hili: msimbo huu unatekelezwa katika kundi lipi, na kwenye prosesa ipi? Mwandishi akiita funksheni inayoweza kulala ndani ya kundi la pili, kiraka kimeanguka hapohapo. Akidhani anaendeshwa kwenye prosesa inayoondoka ilhali yuko kundi la tatu, hesabu zake zote zinazotegemea prosesa ya sasa zinamhusu jirani.

Tafuta kinachokufa

Mfano ninaoupenda kufundishia ni wa zswap, sehemu ya kerneli inayobana kurasa za kumbukumbu zilizokuwa zikielekea kwenye swapu na kuzibakiza ndani ya RAM. Ili kubana haraka bila prosesa kugombea vifaa, kila prosesa imepewa seti yake: eneo la kazi, ombi la kubana na kufuli lake.

Zamani, kazi iliyotaka kubana ukurasa ilichukua seti ya prosesa iliyopo kwa `get_cpu_ptr`, ambayo huizuia kazi hiyo isinyang'anywe prosesa mpaka imalize. Ulinzi huo ulikuwa wa bure na ulitosha. Kuzima prosesa kunahitaji kila prosesa isimame kwanza, na prosesa yenye kazi isiyoweza kunyang'anywa haiwezi kusimama. Kisha zswap ikahamia kwenye namna mpya ya kubana inayoruhusu vifaa maalumu vya kuharakisha, katika toleo la 5.11 la mwaka 2021. Namna hiyo huenda ikalala ikisubiri kifaa kimalize, na kazi iliyozuia kunyang'anywa hairuhusiwi kulala. Kizuizi kikaondolewa, na ulinzi dhidi ya hotiplagi ukaondoka pamoja nacho bila mtu kuutaja.

Matokeo yake ni haya. Kazi inachukua seti ya prosesa namba 3, inalala kidogo, inaamka ikiwa imehamishiwa prosesa namba 5, na inaendelea kubana kwa seti ileile ya namba 3. Katikati ya hapo msimamizi anaizima namba 3. Zamu ya usafi ya zswap inafika, mali ya namba 3 inaachiliwa, na kazi iliyo kwenye namba 5 inaandika ndani ya kumbukumbu isiyo yake tena. Ni kama mtu aliyeazima sufuria jiko la jirani, akahamia kupikia kwake, wakati jirani anauza vyombo vyote ahame. Kasoro hiyo ilikaa mpaka Januari 2025 ndipo ikapata rekebisho lililodumu, na ikapewa namba CVE-2025-21693.

Funzo la ukaguzi ni kwamba uanze na kitu, kufuli baadaye. Andika pembeni: ni mali gani inaachiliwa prosesa inapoondoka? Nani anaiachilia, na katika ngazi ipi? Nani mwingine ana anwani yake mkononi? Kisha uliza ni nini hasa kilichokuwa kikimzuia mwenye usafi asifike mapema. Kiraka chochote kinachobadilisha `get_cpu_ptr` kuwa `raw_cpu_ptr`, au kinachoondoa `preempt_disable` kwa sababu ya kulala, kitazame kama kiraka cha hotiplagi hata kama kichwa chake hakina neno hilo.

Nani anamsubiri nani

Rekebisho la kwanza la zswap lilikuwa lile ambalo wengi wetu tungelipendekeza: shika `cpus_read_lock` wakati wa kubana na kubanua. Kufuli hilo ndilo lililowekwa kwa ajili hii. Anayelishika kwa upande wa usomaji ana hakika kwamba hakuna prosesa itakayoingia wala kutoka mpaka aliachie. Ukiangalia mistari, tundu limezibwa.

Lakini fuata msururu wa wanaosubiriana. Kazi fulani ndani ya kerneli imekwisha kulishika kufuli la hotiplagi, kwa mfano ile inayoendesha safari yenyewe ya kuingiza au kutoa prosesa. Ikiwa imelishika, inaomba kumbukumbu. Kumbukumbu imepungua, kwa hiyo ombi hilo linaigeuza kazi hiyohiyo iende kutafuta kurasa za kuachilia. Katika kutafuta inaingia zswap ili kubana ukurasa, na zswap inaomba kufuli la hotiplagi. Kazi sasa inamsubiri mwenye kufuli, na mwenye kufuli ni yeye mwenyewe. Mashine haianguki, na huenda isitoe ujumbe wa kosa. Inakaa kimya milele. Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto.

Njia nyingine iliyojaribiwa ilikuwa kutumia SRCU: anayebana atangaze kwamba anasoma, na anayefanya usafi asubiri wasomaji wote wamalize kwa `synchronize_srcu`. Nayo ilikataliwa, kwa sababu hali hiyo ya kusubiri hairuhusiwi ndani ya zamu za hotiplagi. Muda wa kusubiri wa SRCU hutegemea taima, na taima iliyowekwa kwenye prosesa inayoondoka huenda ikakwama pale mpaka mwishoni mwa safari. Safari inaisubiri taima, taima inaisubiri safari.

Majaribio hayo mawili yanatupa kanuni za kushika kichwani:

Kufuli la hotiplagi lishikwe kwanza, kabla ya makufuli mengine. Ukiona kiraka kinashika kufuli la dereva kisha `cpus_read_lock`, tafuta kama zamu ya hotiplagi ya dereva hiyohiyo inashika kufuli lile la dereva. Kama inalishika, una mkwamo: mmoja ameshika A anataka B, mwenzake ameshika B anataka A.

`cpus_read_lock` isiitwe ndani ya zamu ya hotiplagi. Pale kufuli limekwisha shikwa kwa uandishi na anayeiendesha safari. Kama msimbo unahitaji tu kuthibitisha kwamba kufuli limeshikwa, `lockdep_assert_cpus_held` ndiyo ya kutumia.

Usikubali kushika `cpus_read_lock` mara mbili, moja ndani ya nyingine. Tangu toleo la 4.13 la mwaka 2017 kufuli hili ni la aina ambayo mwandishi anayesubiri huwazuia wasomaji wapya. Msomaji wa nje anaposhika, mwandishi akaja kusubiri, kisha msomaji yuleyule akaomba tena ndani, wote wawili wamekwama. Ndiyo sababu ya funksheni nyingi zenye majina yanayoishia `_cpuslocked`: ni kwa ajili ya mwitaji ambaye tayari analo kufuli.

Na kila unapoona ombi la kumbukumbu ndani ya eneo lililofungwa, lichukulie kama mlango unaofunguka kuelekea mahali pengi. Ombi la kumbukumbu linaweza kukupeleka kwenye zswap, kwenye mfumo wa mafaili, hata kwenye diski.

Kufuli lidumu kuliko kinacholindwa

Rekebisho lililokubaliwa lilikuwa dogo na la karibu. Kila seti ya prosesa ilikuwa na kufuli lake, na likatumika hilohilo. Anayefanya usafi hushika kufuli la seti, huachilia mali, na huandika NULL mahali pa ombi la kubana. Anayetaka kubana huchukua seti ya prosesa aliyopo, hushika kufuli lake, kisha hutazama: ombi lipo? Kama lipo, anaendelea akiwa salama, kwa kuwa mwenye usafi hawezi kupita bila kufuli hilo. Kama ni NULL, ameelewa kwamba prosesa ile iliondoka kati ya kuichukua anwani na kushika kufuli. Anaachia, anarudi mwanzo, na anachukua seti ya prosesa aliyohamishiwa.

Kaa hapo kidogo na uulize swali la mkaguzi mkali: anashikaje kufuli la prosesa iliyokwisha kufa? Jibu ni kwamba eneo lenyewe la kila prosesa hutengwa mwanzoni kwa kila prosesa inayoweza kuwapo, wala halifutwi prosesa inapozimwa. Kinachoachiliwa ni vile vilivyoning'inizwa ndani yake. Kufuli linabaki. Lakini kulikuwa na mtego wa pili: kufuli hilo lilikuwa likianzishwa upya ndani ya zamu ya hotiplagi kila prosesa inapoingia. Kama kazi iliyochelewa ingekuwa bado imelishika, prosesa ikarejea, kufuli lingefutwa likiwa mkononi mwa mtu. Kiraka kikauhamishia uanzishaji huo pale hifadhi ya zswap inapotengenezwa, mara moja tu. Mstari huo mmoja uliohamishwa ni rahisi kuupita ukidhani ni usafi wa msimbo, kumbe ni nusu ya usalama wa rekebisho.

Kwa hiyo uliza kila mara: kufuli hili linazaliwa lini na linakufa lini, na je, maisha yake yanazidi ya kitu kinacholindwa pande zote mbili?

Safari ya nusu njia

Wengi hukagua safari mbili: kushuka mpaka chini na kupanda mpaka juu. Kuna ya tatu. Prosesa inaweza kushuka ngazi kadhaa, ngazi fulani ikakataa, na ikarudishwa juu bila kufika chini. Zamu za chini zaidi hazikuitwa kamwe.

Januari 2025 pia lilitengenezwa rekebisho la taima za usahihi wa juu lililohusu safari isiyofika chini. Prosesa ilishuka kupita ngazi ya kufungasha taima hizo, ikafika kwenye ngazi ya kuziandaa bila kuivuka, kisha ikarejea juu. Ufungashaji ulikwisha fanyika na alama ya kwamba taima ziko tayari ikafutwa. Kwa kuwa ngazi ya maandalizi haikuvukwa, maandalizi hayakurudiwa. Prosesa ikarudi kazini alama ikiwa bado sifuri na hali ya zamani ikiwa imesalia ndani. Tiba ilikuwa kuipa ngazi ileile inayofungasha zamu ya kupandia pia, irejeshe kilichofutwa.

Kanuni yake ni nyepesi kuikumbuka: ngazi inayobomoa ndiyo ijenge. Ukiona kiraka kinaongeza kazi upande wa kushuka, tazama upande wa kupanda wa ngazi hiyohiyo. Kama pana NULL, mwandishi akueleze ni nani atakayerudisha alichokiondoa, safari ikiishia katikati.

Usisahau pia wanaoingia. Kuzuia kunyang'anywa huizuia prosesa isitoke, lakini hakuzuii nyingine isiingie. Dereva inayozunguka kwa `for_each_online_cpu` ikiandaa kila prosesa, kisha ikajiandikisha kwenye hotiplagi baadaye, imeacha upenyo: prosesa inayoingia kati ya mambo hayo mawili haitaandaliwa na yeyote. `cpuhp_setup_state` huyafanya yote mawili chini ya kufuli moja, na ndiyo ya kudai.

Jaribu kwa mikono yako

Kusoma hakutoshi. Jenga kerneli yenye `CONFIG_PROVE_LOCKING`, inayogundua mpangilio mbaya wa makufuli hata kama mkwamo haujatokea, na yenye KASAN, inayokamata matumizi ya kumbukumbu iliyokwisha achiliwa. Zima na uwashe prosesa mfululizo huku mzigo unaohusika ukiendelea. Kwa kiraka cha zswap, maana yake ni kujaza RAM mpaka swapu ifanye kazi. Kuzima prosesa kwenye mashine iliyotulia hakuthibitishi lolote. Kisha jaribu safari ya nusu njia: kila prosesa ina faili `hotplug/fail`, ambamo ukiandika namba ya ngazi inayoruhusiwa kushindwa, safari itashindwa pale kwa makusudi. Fuatilia matukio ya `cpuhp_enter` na `cpuhp_exit` uone mpangilio halisi badala ya ule ulioufikiria.

Anayerudisha kiraka kwenye kerneli ya zamani ana jukumu la ziada. Katika matoleo ya zamani utakuta `get_online_cpus`, jina lililoondolewa mwaka 2021, na kabla ya 4.13 kufuli lenyewe lilikuwa na tabia tofauti. Kiraka kikiingia bila mgongano haina maana kwamba kimebaki na maana ileile. Rudia swali la nani anamsubiri nani ndani ya toleo hilo.

Andika maoni yanayosaidia

Kabla hujabishana juu ya mistari, mwombe mwandishi achore mpangilio wa tukio katika safu mbili: kushoto prosesa ya kwanza, kulia ya pili, hatua kwa hatua kutoka juu kwenda chini, mpaka pale kosa linapotokea. Kisha achore tena kiraka kikiwamo, aonyeshe ni hatua ipi sasa haiwezi kupita. Mwandishi asiyeweza kuuchora bado hajaijua kasoro yake, na kumsaidia auchore ni fadhila kubwa kuliko kumsahihishia majina ya vigeu.

Nawe ukipinga, pinga kwa mpangilio uleule. "Hii si salama" haimsaidii mtu. "Kazi imeshika kufuli la hotiplagi, imeomba kumbukumbu, imeingia hapa, imeomba kufuli lilelile" ni sentensi inayoweza kukaguliwa, kukanushwa au kukubaliwa. Maoni ya namna hiyo ndiyo yaliyoitoa zswap kwenye rekebisho lenye mkwamo na kuifikisha kwenye rekebisho lililo sahihi, na mengi yanaweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kuigusa sehemu hiyo ya kerneli, mradi ameufuata msururu wote wa wanaosubiriana.

`Reviewed-by` ni tamko kwamba umeridhika, na mamilioni ya mashine zitabeba kiraka hicho kwa imani hiyo. Iandike ukiwa na majibu manne: kinachokufa, anayekizuia kisife mapema, nani anamsubiri nani, na kinachotokea safari ikikatizwa njiani. Kama jibu moja halipo, uliza hadharani na subiri. Kiraka kikichelewa wiki moja, kasoro inakaa wiki moja zaidi. Kikipita na mkwamo ndani yake, mwenzako atautafuta usiku kwenye seva iliyonyamaza bila ujumbe wowote.